Kufa, Kuzirai na Kuelemewa: Usimamizi wa Huduma katika Seva za Tovuti

Seva ya tovuti ni kompyuta isiyolala. Ndani yake huduma kadha hufanya kazi bila kuonekana: moja hupokea maombi ya wasomaji, nyingine hutunza hifadhidata, ya tatu husafirisha barua. Wahandisi wa Marekani huziita kwa neno lenye maana ya pepo. Jina hilo lilianza kutumika katika chuo cha MIT mwaka 1963, kutokana na kiumbe cha kufikirika alichobuni mwanafizikia James Clerk Maxwell mwaka 1867, ambacho huchambua chembe za hewa pasi na kuchoka. Mfasiri asidhani, basi, kwamba anatafuta neno la uchawi. Atafutaye ni neno la mtumishi.

Huduma hizi hukoma, aghalabu usiku, na kwa hiyo huwekewa programu ya kuzisimamia na kuziinua zenyewe zikianguka. Lakini kauli ya kwamba huduma "haifanyi kazi" imefunika hali tatu, na hapana budi zitenganishwe.

Hali ya kwanza ni kufa: mchakato wa huduma umekoma kabisa. Katika mfumo wa Unix kila mchakato una mzazi, na mwana afapo mzazi hupashwa habari, pamoja na nambari inayoeleza alivyokufa. Zamani wasimamizi wengi walitegemea faili iliyoandikwa nambari ya mchakato. Faili hiyo yaweza kubaki baada ya mwenyewe kufa, na nambari ikapewa mchakato mwingine. Msimamizi akaamini kwamba marehemu yu hai. Systemd, iliyotolewa mwaka 2010 na ambayo leo ndiyo mchakato nambari 1 katika mifumo mingi ya Linux, huziondolea huduma shaka hiyo kwa kuwa yenyewe ndiyo mzazi wao.

Hali ya pili ni kuzirai. Mchakato upo, umeshika kumbukumbu yake, bali haujibu. Mzazi hana habari, maana hapana kifo kilichotokea. Haitoshi hata kubisha katika mlango wa 80 au wa 443 na kuona umefunguliwa, kwa sababu kiini cha mfumo hupokea wageni kwa niaba ya huduma, mfano wa bawabu awakaribishaye watu barazani ilhali mwenye nyumba amelala chini hajitambui. Yapasa kuombwa ukurasa halisi na kungojwa jibu kwa muda uliowekwa.

Ya tatu ni kuelemewa, na hapa ndipo msimamizi asiye na subira huharibu. Huduma i hai, i macho, ila maombi ni mengi. Ikiuawa, waliokuwa wakingoja hurudia kuomba, na mzigo huzidi. Hifadhidata iliyokatizwa ghafula huwa na shida zaidi: ikianza, husoma kwanza daftari la mabadiliko yake ili irejeshe yaliyokuwa hayajakamilika, na kwa muda huo haijibu. Msimamizi akiudhania ukimya huo kuwa kuzirai, ataiua tena, nayo itaanza kusoma tangu mwanzo.

Istilahi iliyozoeleka, "kuanzisha upya", haionyeshi tofauti hizi. Kwa iliyokufa, kitenzi kufufua chafaa. Kwa iliyozirai mtu angependa kusema kuzindua, lakini angepotosha, kwani kwa kawaida huduma hiyo haiamshwi. Huuawa kwanza ndipo ifufuliwe. Iliyoelemewa haihitaji kimojawapo, bali kupunguziwa mzigo.

Kufufua nako kuna mpaka. Systemd, isipoamriwa vinginevyo, hukataa kuianzisha huduma iliyokwisha kuanzishwa mara 5 katika sekunde 10, maana kosa likiwa katika faili ya maagizo, kila ufufuo ni kifo kingine. Ufufuo wa polepole ndio wenye hila. Kumbukumbu ikiisha, kiini cha Linux huchagua mchakato wa kuua, na katika seva ndogo hifadhidata, kwa ukubwa wake, mara nyingi ndiyo mhanga. Huuawa saa tisa usiku, hufufuliwa, na asubuhi tovuti yaonekana nzima. Usiku wa pili mambo ni yale yale. Kwa hiyo daftari la msimamizi linatakiwa litaje saa ya kila ufufuo na namna ya kifo kilichoutangulia, na habari hiyo impelekee mtu.