Hewani Hakuna Mlima, Lakini Giza Iko: Vile Utacheki Nyota Bila Kulipa Doo

Wasee wakiskia kucheki nyota, akili inaenda Mauna Kea, Hawaii, kwenye kituo cha wageni kilicho kama mita 2,800 juu ya bahari. Watu hupanda huko kutafuta vitu viwili: hewa nyepesi na giza.

Hewa nyepesi, Hewani hakuna. Garsen na vijiji vyake viko chini kabisa, kwenye delta ya Tana. Lakini giza mko nayo ya kumwaga. Nairobi wanaifuata mbali: kikundi cha The Travelling Telescope hupeleka watu hadi Samburu na darubini zao.

Kitu ingine, mko karibu digrii 2 tu kusini mwa ikweta. Juni mapema, mawingu yakikubali, toka nje saa mbili usiku. Kusini utaona Msalaba wa Kusini, na kaskazini zile nyota saba zenye umbo la upawa, zote kwa mpigo. Msee wa London hawezi kuona huo Msalaba hata apande ghorofa gani. Januari na Februari, kukikauka, tafuta kilimia, kile kishada cha nyota ambacho wazee walifuata kujua msimu wa kulima.

Rada ni hii. Chagua usiku usio na mwezi. Weka simu mfukoni dakika 20 hadi 30 macho yazoee. Ukiiwasha mara moja, unaanza upya. Enda na mbogi, mkae uwanja wazi ndani ya kijiji. Ukingo wa mto wachana nao, viboko hutoka usiku kula nyasi na mamba hawana urafiki.

Na msidhani anga ni mambo ya majuu. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, kusini tu ya delta yenu. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi ya kupima eksirei za angani.

Stima ikifika kila boma itakuwa poa, watoto wasome. Ila taa ya nje ifunikwe juu, imulike chini. Giza ikishaenda, kuirudisha ni noma, na nyie pia mtaanza kutafuta nauli ya Samburu.