Kwa nini mota ya feni ya jenereta hupata moto kupita kiasi katika gari-nyumba

Nchini Marekani na Kanada, familia nyingi husafiri wakati wa kiangazi kwa gari-nyumba, yaani gari kubwa lenye vitanda, jiko, choo na jenereta ya kuendesha kiyoyozi mahali pasipo na umeme. Jenereta hiyo hufungiwa ndani ya sanduku la chuma lenye nafasi finyu, wala haipati upepo isipokuwa ule unaovutwa na feni. Katika baadhi ya jenereta zinazopozwa kwa maji, feni huzungushwa na mota ya umeme wa volti 12, ya jamii ile ile inayopoza rejeta za magari madogo tunayoyaona kila siku.

Mota hiyo ikipata moto kupita kiasi, wenye gari wengi huilaumu yenyewe na kununua nyingine. Muda si mrefu, hiyo mpya nayo huungua, kwa sababu chanzo hakikuguswa.

Kabla ya uchunguzi wowote, jenereta izimwe, iachwe ipoe, na waya wa hasi wa betri ufunguliwe. Feni nyingi za aina hii huamriwa na swichi ya joto. Huweza kuanza kuzunguka ghafla na kumjeruhi fundi vidole.

Jaribio la kwanza halihitaji chombo. Feni izungushwe kwa mkono. Ikiwa nzito au ikikwaruza, huenda beringi zimeota kutu gari lilipolazwa majira ya baridi, au panya wamejenga kiota humo. Mota inayozuiwa kuzunguka hunyonya umeme mwingi zaidi, na mkondo ukiongezeka mara mbili, joto ndani ya nyaya zake huongezeka mara nne.

Feni ikizunguka kwa wepesi, shaka ihamie kwenye maungio ya nyaya, na hapa ndipo mafundi wengi huharakisha mno. Tuchukue mfano wa feni inayotumia ampea 20. Kiungo chenye kutu kikiwa na ukinzani wa omu 0.1 tu, volti 2 hupotea hapo, na wati 40 za joto huzalishwa katika kipande kidogo cha shaba: joto la kutosha kuyeyusha plastiki. Feni nayo hupungua kasi. Kasoro hii huonekana kwa kupima volti kwenye betri, kisha kwenye vituo vya mota, feni ikiwa inafanya kazi.

Upepo nao ukaguliwe. Nyaya za mota zikigeuzwa wakati wa kuifunga, feni huzunguka kinyume. Kipande cha karatasi kikisogezwa karibu na wavu huonyesha upepo unakoelekea. Mpira unaoziba pembeni mwa rejeta ukichakaa, hewa moto hurudi ndani na kuvutwa tena.

Kosa la hatari zaidi ni kuweka fyuzi kubwa kuliko iliyoagizwa na mtengenezaji ili ile ndogo isikatike tena. Hapo waya hugeuka kuwa fyuzi, nao hupita karibu na mafuta, chini ya vitanda vya watu waliolala.

Bomba la moshi lililopasuka nalo huweza kuichoma mota, huku likivujisha kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua. Kwa hiyo bomba hilo likaguliwe siku hiyo hiyo, na kengele ya kugundua gesi ijaribiwe kabla ya jenereta kuwashwa tena.