Jangwa Linalokunywa Maji ya Mlima Elgon

Mvua ikinyesha Mlima Elgon, maji yake hayaendi njia moja. Ya kusini huingia mito kama Kuywa, yakapita kwenye nchi ya miwa na mahindi tunayoijua sisi wa Mabanga, Bungoma, yakafika Nzoia na hatimaye Ziwa Victoria. Mengine hushika Mto Suam, mpakani na Uganda. Huko chini mto huo huitwa Turkwel, nao huishia Ziwa Turkana, ziwa lisilo na mto wa kulitoa maji.

Toka Kitale, mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, upite Kapenguria na Marich hadi Lodwar, ukingoni mwa Turkwel: utakuwa umeteremka zaidi ya mita 1,300. Bungoma hupata zaidi ya milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, Lodwar takriban 200.

Je, wajua kwamba upepo una mkono mkubwa katika ukame huo? Pepo kutoka Bahari ya Hindi hubanwa kati ya nyanda za juu za Kenya na za Ethiopia, zikashika kasi, zikapita na unyevu wao kabla haujawa mvua. Wanasayansi Kinuthia na Asnani waliueleza mkondo huo mwaka 1982. Leo upepo huohuo unazungusha mitambo 365 ya umeme karibu na Loiyangalani, ng'ambo ya ziwa.

Katika nchi hiyo kame ya Lodwar mfugaji wa Kiturkana hutawanya mifugo yake. Ng'ombe hupandishwa milimani kufuata nyasi. Ngamia hubaki tambarare wakila vichaka. Ukingoni mwa Turkwel ndiko penye akiba. Mizizi ya migunga hufikia maji yaliyo chini ya mchanga, hivyo miti huzaa hata nyasi zikiisha. Mchungaji hutikisa tawi kwa fimbo ndefu, maganda yaliyojisokota yakamwagika, na mbuzi wakayagombania. Sehemu hizo za miti huitwa ekwar. Kila moja ina familia yake, na mgeni haingizi mbuzi bila ruhusa.

Kwa hiyo msitu wa Elgon, unaotunza maji yanayofika Turkwel, si mali ya wanaouona dirishani tu. Ukiharibiwa, anaumia pia mwenye ekwar asiyewahi kuuona mlima huo. Vikao vya kuamua hatima ya msitu vinapoitishwa, wafugaji wa Turkwel nao waalikwe, wasikilizwe.