Mashine Iliyopoteza Mtandao

Sogeeni karibu, wanangu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina msichana wa kidato cha pili mjini Morogoro, bibi yake, na kompyuta mpakato ya mtumba iliyokwisha kupita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika nyumbani kwao.

Mashine hiyo ilitengenezwa mwaka 2014 na ilikuwa ikitumia Windows 10. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa mfumo endeshi huo, na Windows 11 haikusudiwi mashine za umri ule. Kioo kizima, kibodi nzima, betri bado inashika chaji kidogo. Binti hakukubali itupwe. Akiwa shuleni akapakua Ubuntu, mfumo endeshi wa bure ulioanza kutolewa mwaka 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, akauweka kwenye flashi, na Jumamosi akausakinisha. Mashine ikawaka. Sauti ipo, picha zipo, inafunguka upesi kuliko zamani. Akatazama kona ya juu ya kioo atafute alama ya waifai, na alama haikuwapo.

Hapo msiharakishe. Watu wengi husema "mtandao hamna" kwa kila tatizo, na fundi asiyeuliza zaidi ya hapo atahangaika siku nzima. Alama ya waifai ikionekana lakini kurasa hazifunguki, hilo ni tatizo moja. Alama isipoonekana kabisa, ni jingine, na liko ndani ya mashine yenyewe. Binti alisikia kutoka sebuleni simu ya bibi ikicheza video za kwaya kwa waifai ileile. Kwa hiyo ruta ilikuwa nzima, na malipo ya mwezi yalikuwa hayajaisha. Hakuwa na sababu ya kuzima ruta na kuiwasha tena.

Akaanza na lililo rahisi. Kompyuta nyingi zina kitufe cha kuzima mawimbi, chenye picha ya ndege au mnara mdogo, na kidole hukigusa bila mtu kujua. Akafungua dirisha la amri, akaandika rfkill list. Amri hiyo hutaja kila kifaa cha mawimbi kilichomo na kusema kama kimefungwa kwa kitufe au kwa programu. Jibu lilitaja bluetooth peke yake. Waifai haikutajwa, si kama iliyofungwa wala kama iliyofunguliwa.

Ndipo akaandika amri ya pili: lspci -nnk. Hii huorodhesha vipande vilivyounganishwa na ubao mkuu wa mashine, hata vile ambavyo mfumo endeshi haujui kuvitumia. Katikati ya orodha akauona mstari wa kadi ya waifai, Broadcom BCM43142, na mwishoni mwake tarakimu hizi: 14e4:4365. Sehemu ya kwanza, 14e4, ni namba ya kampuni ya Broadcom. Ya pili ni namba ya aina ya kadi. Jina la biashara lililobandikwa juu ya mashine halikusaidii sana, maana mtengenezaji mmoja anaweza kutia kadi tofauti ndani ya mashine za jina moja. Namba hizi ndizo za kunakili kwenye daftari.

Kadi, basi, ilikuwamo. Kilichokosekana ni draiva. Draiva ni programu inayokaa kati ya mfumo endeshi na kifaa kama mkalimani: mfumo ukisema "tuma ujumbe huu", draiva huugeuza kuwa maagizo ambayo kadi ile, na si nyingine, inayaelewa. Windows ya zamani ilikuwa na draiva yake. Ilipofutwa, draiva nayo ikaenda. Ndiyo maana mtu huona mashine iliyoshika mtandao asubuhi, ikapigwa mfumo mpya mchana, jioni haioni waifai hata ya jirani, na hakuna kilichoungua.

Mnaweza kuuliza, mbona kibodi na sauti vilipata draiva zake na waifai ikakosa? Hapa pana kisa ninachokipenda. Kwa miaka mingi Broadcom haikueleza hadharani jinsi kadi zake za waifai zinavyoagizwa, na watumiaji wa Linux walibaki na kadi zilizokaa bure. Watu wa kujitolea wakaamua kutafuta wenyewe. Walijigawa makundi mawili. Kundi moja lilichunguza draiva iliyokwisha kuwapo, hatua kwa hatua, likaandika maelezo ya jinsi kadi inavyofanya kazi. Kundi la pili halikugusa draiva ile hata kidogo. Lilisoma maelezo tu na kuandika draiva mpya kutoka mwanzo, ili mtu asije akasema wameiba kazi ya wengine. Mwaka 2006 kazi yao iliingizwa katika Linux toleo la 2.6.17. Fikirieni subira hiyo, ya kukisia kazi ya kila tarakimu ndani ya kitu usichoruhusiwa kukifungua! Mwaka 2010 Broadcom yenyewe ilitoa draiva iliyo wazi, lakini kwa baadhi ya kadi tu. BCM43142 haikubahatika. Inategemea draiva iitwayo wl, ya kampuni, ambayo sehemu yake imefungwa na haisomeki. Kwa sababu hiyo Ubuntu haiiweki bila idhini yako: wakati wa kusakinisha hukuuliza kama unataka programu za ziada kwa ajili ya waifai na michoro, na ni kisanduku kidogo cha kutia tiki. Binti alikuwa amekiruka.

Sasa tazameni kitanzi kilivyojifunga. Draiva iko mtandaoni, na mashine haiwezi kufika mtandaoni bila draiva. Njia ya kawaida ni kuchomeka waya wa ruta, kwa kuwa tundu la waya huwa na draiva yake tayari. Nyumbani kwao waya haukuwapo. Akaenda sebuleni.

"Shikamoo, Bibi. Naomba simu yako na waya wake wa chaji."

"Marahaba, mjukuu wangu. Lakini bando langu ni la wiki nzima, usije ukalimaliza kwa mambo ya kompyuta."

"Halitaguswa, Bibi. Simu inakaa kwenye waifai ya nyumbani, kompyuta inapitia humo humo."

Na alisema kweli. Simu ya Android ikichomekwa kwenye kompyuta kwa waya, ukaingia kwenye mipangilio ukawasha kusambaza intaneti kwa USB, inageuka kuwa njia ya kompyuta. Ikiwa simu iko kwenye waifai, ndiyo itakayotumika. Ikiwa haiko, ndipo bando litakapoliwa. Kwa hiyo hakikisha kwanza alama ya waifai iko juu ya kioo cha simu. Ubuntu ikaitambua simu papo hapo. Binti akaandika sudo apt update, kisha sudo apt install bcmwl-kernel-source.

Katikati ya kazi mashine ikamtaka abuni nywila. Hapa wengi hukwama. Mashine zenye ulinzi wa kuwaka hazipokei draiva ya nje mpaka mwenye mashine athibitishe kwamba ameitaka. Unabuni nywila, unazima na kuwasha, unatokea ukurasa wa buluu wenye maandishi ya kizamani. Mtu akidhani ameharibu kitu, anabonyeza endelea, na draiva inakataliwa kimyakimya. Usiukimbie ukurasa huo. Chagua mstari wenye maneno Enroll MOK, andika nywila ileile, uache mashine iwake. Binti alifanya hivyo, na majina ya waifai za mtaa mzima yakajipanga kwenye kioo.

Yeye aliishia hapo. Wewe unaweza kuiona alama ya waifai na kurasa zikagoma bado. Basi uliza kwa kutumia ping, programu ndogo aliyoiandika Mike Muuss nchini Marekani Desemba 1983, akaipa jina la mlio ambao nyambizi huutuma majini ili isikie mwangwi ukirudi. Mwite jirani wa kwanza, yaani ruta, ambayo mara nyingi huwa 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Asipojibu, tatizo liko kati yako na ruta. Akijibu, mwite wa mbali: 8.8.8.8. Akijibu naye, ita tovuti kwa jina lake. Namba zikijibu na jina likashindwa, mtandao upo; kilichoharibika ni huduma ya kugeuza majina kuwa namba, iitwayo DNS, ambayo Paul Mockapetris aliibuni mwaka huohuo wa 1983. Ibadilishe kwenye mipangilio. Na ukiona mashine imejipa anwani inayoanza na 169.254, ujue iliomba anwani kwa ruta ikakosa jibu.

Kwa mashine kongwe, tazama na saa. Betri yake ndogo ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka, na tovuti salama hukataa kufunguka kwa kuwa vyeti vyake vinaonekana havijaanza kazi.

Wiki iliyofuata jirani alileta mashine yake. Safari hii binti aliwasha Ubuntu kutoka kwenye flashi, akachagua kujaribu bila kusakinisha, akaandika lspci -nnk kabla ya kufuta chochote. Kadi ilikuwa ya Intel, draiva yake iwlwifi ikiwa imo tayari, na waifai ilishika. Akamuuliza jirani kama picha na nyaraka zake amezinakili pembeni. Hakuwa amefanya hivyo. Wakaanza na hilo.