Sura ya Sita: Soko Linalofuata Mlima

Mgeni anayeingia Soko la San Pedro mjini Cusco, kusini mwa Peru, kwanza huzidiwa na wingi wa vitu. Jengo ni ukumbi mmoja mkubwa ulioezekwa bati, mkabala na stesheni ya reli, na limehudumia mji tangu 1925. Ndani wachuuzi wamepangwa kwa bidhaa zao: juisi, jibini, mikate, nyama, mitishamba, nguo, na safu ya mabenchi ya mama lishe wanaouza supu tangu alfajiri. Vitabu vya watalii hufuata safu hizo moja baada ya nyingine, na msomaji hubaki na orodha tu, asijue ni nini kilichovikutanisha vitu hivi chini ya paa moja. Mimi napendekeza swali moja la kuuliza kila unaposimama mbele ya meza: hiki kimetoka mwinuko gani?

Cusco yenyewe iko karibu mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Ukishuka hadi Quillabamba, kwenye mita kama 1,000, unakuta joto, kahawa, kakao na matunda. Bonde la Urubamba, lililo katikati, ni nchi ya mahindi. Juu ya Cusco kuna mashamba ya viazi, na ukivuka mita 4,000 unaingia puna, nyika za baridi ambako mahindi hayaoti tena na riziki ya watu ni alpaka na llama. Aliyekulia Moshi, akazoea kuona ndizi za vihambani zikiteremshwa kukutana na mahindi ya tambarare, ataelewa upesi. Tofauti ni kwamba Andes mteremko ni mrefu zaidi, na watu wanaishi na kulima karibu hatua zote za mteremko huo.

Mwanaanthropolojia John Murra alieleza jambo hili mwaka 1972, baada ya kusoma ripoti ambazo maofisa wa Kihispania waliandika katika karne ya 16. Aligundua kwamba jamii za Andes hazikungoja mfanyabiashara awaletee vitu vya nchi nyingine. Walupaqa wa Ziwa Titicaca, waliokuwa wafugaji na wakulima wa viazi, waliwaweka watu wao pwani ya Pasifiki kulima mahindi na pamba, na wengine upande wa misitu ya mashariki kwa ajili ya koka. Kila ukoo ulikuwa na mkono wake katika kila mwinuko. Dola ya Inka ilijengwa juu ya desturi hiyo: ilikusanya kazi za watu badala ya fedha, ikajaza maghala, na kugawa. Masoko ya kununua na kuuza kwa sarafu yalishamiri baada ya Wahispania. Lakini mahitaji yaliyowasukuma Walupaqa hayajabadilika, na ndiyo yanayoijaza San Pedro kila asubuhi. Katika bonde la Lares, kaskazini mwa Cusco, wanawake bado hukutana kubadilishana viazi vya juu kwa matunda ya chini bila fedha kupita mkononi.

Anza na viazi, maana vilianza kulimwa huku huku Andes maelfu ya miaka iliyopita, na Peru ina aina zaidi ya 3,000. Mezani utaona vya zambarau hadi ndani, vyembamba kama vidole, na kimoja chenye mabonde na vinundu tele ambacho Waquechua wamekipa jina la mliza mkamwana, kwa sababu kukimenya ni mtihani. Karibu yake kuna magunia ya vitu vidogo vyeusi, vyepesi, vigumu kama kokoto. Hivyo pia ni viazi. Huitwa chuño, na kwangu mimi ndiyo bidhaa ya kustaajabisha kuliko zote sokoni humo.

Chuño hutengenezwa Juni na Julai, wakati wa kiangazi cha milimani, ambapo usiku sakitu hufunika nyasi na mchana jua ni kali. Viazi hutandazwa nje vigande usiku, viyeyuke mchana. Baada ya siku chache vikishalainika, familia hupanda juu yake miguu mitupu na kuvikanyaga taratibu mpaka maji yatoke na maganda yavuke, kisha huachwa vikauke. Kuna namna ya pili, moraya, ambayo hulowekwa kwenye maji ya kijito kwa wiki kadhaa kabla ya kukaushwa, ikawa nyeupe kama chokaa. Kuloweka huko kuna maana: aina za viazi zinazostahimili baridi kali mara nyingi ni chungu na zina sumu kiasi, na maji huiondoa. Kiazi kibichi sehemu yake kubwa ni maji. Kikishakaushwa hivi huwa chepesi kubeba na hukaa ghalani miaka. Baridi ile ile inayoua mazao ndiyo inayohifadhi chakula, na haiwezekani kufanya hivyo bondeni.

Mahindi ya Urubamba yana punje kubwa kuliko ukucha wa dole gumba, na huliwa yakiwa yamechemshwa, kwa kipande cha jibini. Simbilisi, wanaofugwa jikoni na kuokwa siku za sherehe, hawatawashangaza wasomaji wa Njombe, Iringa au Kivu, ambako mnyama huyo wa Andes ameshakuwa kitoweo. Ukibahatika kuwapo Juni, sikukuu ya Corpus Christi, tafuta chiri uchu. Ni sahani ya baridi ambamo huwekwa simbilisi, kuku, nyama iliyokaushwa, jibini, mahindi ya kukaanga, pilipili ya rokoto, na juu yake mwani na mayai ya samaki kutoka Pasifiki. Murra angeweza kuifundishia somo lake lote.

Majani ya koka huuzwa kwa magunia, na nchini Peru kuyatafuna au kunywa chai yake ni halali. Wenyeji huyatafuna pamoja na majivu magumu yaitwayo llipta, wakifanya kazi nzito kwenye hewa nyembamba. Mgeni anayeumwa kichwa kwa sababu ya mwinuko hupewa chai hiyo karibu kila hoteli. Usiyafungashe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 umeliweka jani hili kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa, na viwanja vya ndege vingi havitakusikiliza.

Upande wa nguo ndiko mgeni hudanganywa zaidi, na ndiko inakoniuma. Sweta nyingi zinazoitwa alpaka ni nyuzi za kiwandani. Kitambaa cha kweli kina historia unayoweza kuiona kwa macho. Rangi nyekundu hutoka kwa kochinili, wadudu wadogo wanaoishi kwenye mipungate. Wakikaushwa na kusagwa kiganjani hutoa wekundu mzito. Dondosha ndimu, rangi inageuka kuwa ya machungwa. Tia majivu, inaelekea zambarau. Mfumaji hufunga upande mmoja wa kitanda cha kufumia kiunoni mwake, na kukaza nyuzi kwa kuegemea nyuma. Shuka la mabegani, lliklla, hufumwa vipande viwili na kushonwa katikati, na linaweza kuchukua wiki nyingi. Kazi hii ilikuwa inafifia. Mwaka 1996 Nilda Callañaupa Alvarez, mfumaji wa Chinchero, alianzisha mjini Cusco kituo cha nguo za jadi ili wanawake wa vijijini wauze kwa bei inayolingana na jasho lao na vijana wajifunze.

Basi ukifika San Pedro, nenda asubuhi. Kunywa juisi na usubiri yapa, ile nyongeza ambayo muuzaji humimina glasi ikishakwisha. Agiza supu yenye chuño. Ukitaka nguo, igeuze utazame kingo zake: kitambaa cha mkono cha Andes humalizwa pande zote nne kitandani, bila kukatwa kwa mkasi. Ukikipata, muulize muuzaji ni nani aliyekifuma na katika kijiji gani. Akijua jibu, tafadhali usimpunguzie bei.