Kufuli la Ubongo: Jinsi Vipokezi vya Afyuni Vilivyogunduliwa na Kwa Nini Habari Hiyo Yatuhusu

Lipo swali lililowashughulisha wataalamu wa tiba kwa muda mrefu. Iweje utomvu wa mmea wa shambani, ukishaingia katika damu ya mwanadamu, umwondolee maumivu, umletee usingizi, kisha umfanye mtumwa wake? Mmea huo ni mpopi, na utomvu wake ni afyuni. Mwanzoni mwa karne ya 19 mfamasia wa Kijerumani, Friedrich Sertürner, alitenga mofini kutoka katika afyuni. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ikaanza kuuza dawa iliyotengenezwa kutokana na mofini, ikaipa jina la heroini, na kuinadi kuwa tiba ya kikohozi. Ndiyo hiyo ambayo leo katika mitaa yetu ya pwani huitwa unga.

Jibu la swali lile lilipatikana katika miaka ya 1970, na lina faida kwa kila nyumba iliyofikwa na msiba huu.

Kufuli lisiloonekana

Mwaka 1905 John Newport Langley, mwanazuoni wa Cambridge nchini Uingereza, alichunguza jinsi nikotini na sumu ya kurare zinavyoshindana katika msuli. Alihitimisha kwamba lazima seli iwe na kitu maalumu kinachoipokea dawa. Kitu hicho ndicho kiitwacho kipokezi. Mfano wake ni kufuli, na dawa ni ufunguo: usipolingana na tundu, haufungui.

Kuhusu afyuni, dalili tatu zilionyesha kuwa kufuli hilo lipo. Ya kwanza, dawa nyingine za jamii hii hufanya kazi kwa kiasi kidogo mno, jambo lisilowezekana kama zingekuwa zinasambaa ovyo mwilini bila kuwa na mahali pake. Ya pili, kuna molekuli pacha zinazofanana kama kiganja cha kulia na cha kushoto. Moja huondoa maumivu, ya pili haiondoi, kama vile glavu ya kulia isivyovaliwa mkono wa kushoto. Ya tatu ni dawa iitwayo naloksoni, ambayo huzima mara moja nguvu ya mofini. Ilikuwa kana kwamba huingia katika tundu lile lile bila kuzunguka, ikauzuia ufunguo wa kweli usiingie.

Hata hivyo, dalili si ushahidi. Hakuna aliyekuwa amelishika kufuli lenyewe.

Baltimore, 1973

Aliyefanikiwa kulishika alikuwa Candace Pert, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, chini ya mwalimu wake Solomon Snyder. Wakati huo Marekani ilikuwa imeshtushwa na wingi wa askari wake waliozoea heroini katika vita vya Vietnam, na fedha za utafiti zilikuwa zimetolewa.

Njia yake ilikuwa nyepesi kueleza, ngumu kutekeleza. Alichukua naloksoni iliyotiwa alama ya mnururisho, akaichanganya na ubongo wa panya uliosagwa. Kisha aliuchuja mchanganyiko ule kwa haraka na kuuosha kwa maji ya dawa yaliyo baridi. Naloksoni isiyoshikamana na kitu ilioshwa ikaondoka. Iliyobaki kwenye chujio ni ile tu iliyokamatwa na vipokezi, nayo ikahesabiwa kwa mnururisho wake. Alipotia dawa nyingine za jamii ya mofini, zenye nguvu ziliing'oa naloksoni na kukaa mahali pake. Molekuli pacha ile isiyoondoa maumivu haikuweza. Kufuli likawa limethibitika. Matokeo yalichapishwa mwezi Machi 1973, na mwaka huo huo Eric Simon wa New York na Lars Terenius wa Uppsala, Sweden, nao walitoa ushahidi kama huo, kila mmoja kwa kazi yake.

Mwili wenye ufunguo wake

Hapo likazuka swali kubwa zaidi. Ubongo haukuumbwa ukisubiri utomvu wa mpopi. Ikiwa kufuli limo ndani, bila shaka na ufunguo wake wa asili umo ndani.

Ufunguo huo ulitafutwa mjini Aberdeen, Scotland, na John Hughes pamoja na Hans Kosterlitz, mzee aliyekimbia Ujerumani ya Manazi katika miaka ya 1930. Walitumia bongo za nguruwe zilizotoka machinjioni, wakazikamua dutu zake. Kipimo chao kilikuwa vipande vya nyama ya mwili, kama vile utumbo wa simbilisi, yule mnyama mdogo wa maabara. Kipande hicho hujikunja kikipigwa umeme, na kikipata mofini, kujikunja hupungua. Dutu ile ya ubongo ilifanya vivyo hivyo, na naloksoni ikaizuia, kama inavyoizuia mofini. Mwezi Desemba 1975 walitangaza kuwa wamepata molekuli mbili, kila moja ikiwa na asidi-amino tano tu, wakaziita enkefalini.

Mwaka uliofuata Choh Hao Li, wa Chuo Kikuu cha California, alieleza molekuli nyingine ndefu zaidi, yenye asidi-amino 31, aliyoipata katika tezi za ubongo wa ngamia. Hiyo ni mojawapo ya molekuli ziitwazo endofini, jina lenye maana ya mofini ya ndani ya mwili.

Tangu hapo kazi ilisonga mbele. Mwaka 1992 makundi mawili, la Strasbourg nchini Ufaransa na la Los Angeles, yalisoma jeni ya mojawapo ya vipokezi hivi. Ikafahamika kuwa ni protini inayopenya utando wa seli mara saba. Mwaka 1996 watafiti wa Strasbourg walizalisha panya wasio na kipokezi kile kinachoikamata mofini zaidi. Panya hao walipopewa mofini, hawakupunguziwa maumivu, wala hawakuwa waraibu. Maana yake ni nzito: mlango unaoingiza nafuu ndio unaoingiza uraibu. Mwaka 2012 umbo la kipokezi hicho lilichorwa kwa miali ya eksirei, chembe kwa chembe.

Yatufaa nini nyumbani?

Wazazi wengi hudhani kuwa kijana aliyenaswa na unga amekosa haya tu, na kwamba akifungiwa chumbani siku kadhaa na kuombewa, jambo limekwisha. Toba ni lazima, na dua ni silaha. Lakini tuelewe pia kinachotokea mwilini. Unga ukilifungua kufuli kila siku kwa nguvu kupita kiasi, seli hujizoesha, zikahitaji unga hata kukaa katika hali ya kawaida. Ukikatwa ghafla, mwili huasi: maumivu ya viungo, kuharisha, jasho, makamasi na kukosa usingizi. Vijana huiita arosto. Si maigizo, wala si kiburi.

Kwa elimu hiyo hiyo ya vipokezi, hospitali hutumia methadoni. Nayo ni ufunguo wa kufuli lile lile, lakini hunywewa mara moja kwa siku mbele ya muuguzi, na hudumu muda mrefu bila kumpandisha na kumshusha mtu kama ufanyavyo unga. Huduma hii ilianza katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2011, ikaenea hadi Zanzibar, na pwani ya Kenya nako ipo. Asemaye kuwa ni kubadilisha kilevi kwa kilevi hajaona tofauti ya mtu anayekwenda kazini na mtu anayeiba sufuria za mama yake.

Jambo la mwisho ndilo la kuokoa roho. Vipokezi hivi vimo pia katika sehemu ya ubongo inayoongoza pumzi. Ndiyo sababu aliyezidisha unga hufa kwa kukoma kupumua. Kijana aliyetoka jela au soba hausi baada ya miezi kadhaa, mwili wake umeshapoteza mazoea. Kipimo alichokuwa akikihimili zamani sasa humuua. Wiki za mwanzo baada ya kurejea ndizo za hatari kubwa, na ndizo ambazo familia hulegeza macho kwa furaha. Akikutwa amelala haamki, pumzi zake chache, midomo imebadilika rangi, akimbizwe hospitali papo hapo, na waganga waambiwe ukweli bila kuficha kwa kuogopa aibu. Naloksoni, ile ile aliyoitumia Pert kulipata kufuli, humzindua mtu kwa dakika chache. Nguvu yake, hata hivyo, yaweza kwisha kabla ya unga kwisha mwilini, hivyo asiondolewe hospitali kwa kuwa tu amefumbua macho.

Allah awape shifaa vijana wetu, na awape subira wazazi wao.