Kopo Halilipi Deni la Usingizi

Mpunga ukishashuka kutoka mashambani, mashine za kukoboa Kyela hazilali. Ipyana, kata ya huko huko, nako ni hivyo hivyo: msimu ndio wenye fedha, na kibarua anayelipwa kwa gunia hesabu zake ni magunia, si saa. Akisinzia kwenye rundo la pumba, wenzake humcheka kwa uvivu. Akizinduka hununua kopo la enaji na kurudi mzigoni.

Kadiri mtu anavyokaa macho, ubongo hujikusanyia kemikali iitwayo adenosini, nayo ndiyo inayoleta usingizi. Kafeini iliyomo koponi hukalia viti vya adenosini, basi. Haiifukuzi. Nguvu ya kopo ikiisha, adenosini iliyokuwa ikisubiri mlangoni huingia kwa kishindo. Kinachoifuta ni kulala.

Watafiti wa Australia walipima athari ya kukesha miaka ya 1990. Mtu aliyekaa macho saa 17 hivi mfululizo aliboronga majaribio ya macho na mikono sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Mlevi haruhusiwi kusogelea mkanda wa mashine unaozunguka. Aliyekesha tunampa gunia.

Kyela kuna na joto lake. Ufukwe wa Ziwa Nyasa hauzidi sana mita 500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake imeshiba unyevu. Jasho hupoza mwili linapokauka, wala si linapotiririka; chini ya bati, penye vumbi la pumba, hutiririka bure. Moyo nao unadaiwa kotekote: misuli inataka damu ya kubebea, ngozi inataka damu ya kutolea joto. Ndiyo maana gunia la saa tisa alasiri ni zito kuliko la asubuhi, ingawa mizani inasema ni lile lile. Kijana aliyeteremka jana kutoka baridi ya Tukuyu huhitaji wiki moja hadi mbili mwili wake uzoee, lakini aghalabu hubebeshwa siku hiyo hiyo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataja saa 9 za kawaida kwa siku, 45 kwa wiki, na mapumziko ya saa nzima baada ya saa 5 za kazi mfululizo. Si anasa: mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalieleza kuwa anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, akilinganishwa na wa saa 35 hadi 40.

Maji, kivuli na kupokezana husaidia. Lakini kupokezana kunataka watu zaidi, na mwenye mashine akiongeza mbebaji mmoja, yeye atalipa magunia yale yale. Watakaopungukiwa ni vibarua, kila mmoja akienda nyumbani na fedha kidogo kuliko jana. Kwa hiyo mimi ningeanzia kwenye bei ya kubeba gunia, kabla ya kuhubiri habari za kulala mapema.